Anti, Napigia Watoto Limba na Mama Mkwe Anauliza Kazi Nafanya Gani

Shikamoo Anti,

Samahani kwa barua ndefu, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na sina wa kumwambia. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nimeoa, tuna watoto wawili, tunaishi Mbagala vyumba viwili vya kupanga. Kwetu ni Chamwino, Mgogo kamili, limba, kile kisanduku cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, nilifundishwa na babu mzaa baba nikiwa darasa la tatu tukiwa machungani, yaani darasa la muziki sijawahi kukaa hata siku moja. Nilikuja Dar mwaka 2011 nikapata kazi ya ulinzi kwenye nyumba moja huko Mikocheni, usiku nilikuwa napiga limba getini ili usingizi usinichukue, wala sikuwa na wazo lingine. Watoto wa mle ndani wakawa wanamtoroka dada wa kazi wanakuja kukaa kibandani kwangu, na mama yao badala ya kunifokea akaniuliza kama naweza kupiga kwenye bethdei ya mdogo wao. Nikapiga. Wageni wakachukua namba. Lindo nikaliacha baadaye, huu mwaka wa nane nakula kwa kupigia watoto tu.

Nikueleze shoo yangu ilivyo ili unielewe. Naingia na malimba mawili, zeze, njuga mguuni, siku nyingine na kijana wa ngoma. Naimba Kigogo na Kiswahili, watoto wanaitikia, katikati tunasimuliana hadithi, na mwisho kila mtoto anapewa limba alipige kidogo kwa vidole gumba vyake mwenyewe. Sasa limba la kwetu lina tundu kwenye boksi lake, na juu ya tundu tunabandika utando wa buibui, ule mweupe kama karatasi anaoubandika ukutani kufunikia mayai. Huo utando ndo unaofanya limba lizizime, ule mlio wa zzz unaokuja nyuma ya vyuma. Mwaka jana kwenye bethdei moja Goba mtoto wa kama miaka minne alisogea akatazama tundu, akatazama uso wangu, akachomeka kidole. Pwaa. Limba likabaki linalia kama bati. Nikawaambia jamani limba linaumwa na dawa yake ni buibui, twendeni tukamtafute. Nyumba yenyewe mpya, vigae kila kona, buibui atoke wapi. Dada wa kazi akatupeleka stoo ya nje nyuma ya simtanki, watoto ishirini na kitu na nguo zao za sherehe wamechuchumaa kwenye vumbi wanamulika kwa simu za mama zao, mmoja analia anataka kurudi ila harudi. Tukaupata utando nyuma ya mlango. Nikaubandika, nikagonga chuma kimoja, zzzz, walishangilia utadhani Taifa Stars imefunga. Keki ilisahaulika. Mama mwenye nyumba akanivuta pembeni akaniuliza hii ndo shoo yenyewe au ni ajali.

Basi matatizo yangu ni haya. La kwanza mama mkwe. Alikuja kutoka Singida kumsaidia mke wangu alipojifungua na bado tuko naye. Ni mtu mzuri sina ubaya naye, usiku namsikia anambembeleza mtoto kwa nyimbo za Kinyaturu akidhani tumelala. Ila hajakubali kwamba mimi nafanya kazi. Asubuhi akinikuta nakaza nyuzi za zeze ananiuliza, "Mkwe, leo huendi kazini?" Kwenye sendofu ya shemeji yangu mwezi wa nane alinitambulisha kwa wakwe wenzake kwamba mimi nafanya biashara. Shemeji mmoja akadakia ati biashara ya kucheza na watoto, wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Halafu kila nikitaja limba watu wananitajia marehemu Hukwe Zawose, kwamba mzee yule limba alilifikisha mpaka Ulaya na wewe unaishia chekechea.

La pili hela. Bethdei nachukua elfu themanini, wenye uwezo laki, zikipatikana mbili wikiendi moja nashukuru Mungu, Januari na Februari nakaa. Mwezi wa kumi shule moja ya binafsi ilinipigia simu nikapige siku yao ya familia, tukakubaliana laki na nusu. Tukaenda watatu, tukapiga saa nzima juani, mwisho tukapewa pilau, soda na cheti cha shukrani kimewekewa nailoni. Nikauliza hela, mwalimu mkuu akaniambia hapa umejitangaza, wazazi wote wamekuona. Mpaka leo sijaona kitu na nauli ya wote watatu nililipa mimi.

La tatu ndo limenifanya niandike. Kampuni moja ya pipi na biskuti imenifuata, wanataka nizunguke chekechea na shule za msingi miezi sita, laki saba kwa mwezi. Nivae lile vazi la manyoya la mdoli wao, niimbe wimbo wa pipi yao kwa biti ya kompyuta. Limba hawalitaki, yule kijana wa masoko alisema linasikika kishamba. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mke wangu anasema nikubali, nimlipe mwenye nyumba miezi sita kwa mpigo tupumue. Rafiki yangu mmoja prodyuza anasema niachane na yote niingize limba kwenye biti za singeli, maana mtu hawezi kuzeeka anapigia watoto tu. Na ukweli Anti hata mimi nilianza nikijua napita, kwamba nipigie watoto tu mpaka nipate jina halafu niingie kwenye muziki wenyewe. Ndo hivyo miaka nane.

Nichukue hizo laki saba? Au nikubali kwamba hii kazi ilikuwa ya kupitia na muda wake umeisha?

Mpiga Limba, Mbagala

*

Marhaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya yule buibui, nimecheka mpaka mjukuu akaja kuchungulia kama niko salama. Nikwambie mapema, mimi nilifundisha chekechea miaka 19 mpaka magoti yakakataa mkeka, kwahiyo kwenye kesi hii usinihesabu hakimu, mimi niko upande wa watoto na ushauri wangu usome ukijua hivyo.

Umeandika "watoto tu" mara tatu. Moja umeiweka mdomoni mwa rafiki yako prodyuza lakini kalamu ni yako. Halafu unamshangaa mama mkwe. Pale kwenye sendofu shemeji alitania na wewe ukacheka, sasa mama wa watu ataionaje kazi ambayo mwenyewe anaichekea? Fundi cherehani ukimwambia wewe si unashona nguo za watoto, hacheki, anakutajia bei ya sare, na kama ni fundi kweli atakwambia nguo ya mtoto ni ngumu kuliko ya mkubwa maana mtoto hatulii kupimwa. Nyie wa muziki ni hivyo hivyo. Kuna kijana alishakuja shuleni kwetu na spika mbili kubwa kama makabati, jina analo, watu wazima mtaani walikuwa wanamlipia kiingilio. Dakika ya tano watoto wadogo wameziba masikio, wawili wamejikojolea, mmoja kamshika mwalimu mguu hamuachii, na yeye anazidi kuongeza sauti akidhani hawamsikii. Wewe limba limekufia mkononi na ukaondoka na watoto wote ishirini na kitu kwenda stoo. Ile haikuwa ajali mwanangu, na huyo mama wa Goba alishajua ndo maana akauliza.

Hii habari ya kupita nakuomba uifute kabisa. Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Ella Jenkins, Mmarekani mweusi aliyekulia Chicago, nakutajia yeye kwa sababu njia yake inafanana na yako kuliko unavyodhani. Darasa la muziki hakukaa, chuo alisomea mambo ya jamii, muziki aliuokota mtaani na kwa mjomba wake aliyekuwa anapuliza kinanda cha mdomo. Akawa anafanya kazi kwenye kituo cha vijana na anaimba nao huko huko, mpaka mwaka 1956 akaacha ajira akashika hii ya kuimbia watoto. Mwaka uliofuata santuri yake ya kwanza ikatoka, na kilichomo ndani ni kile kile unachofanya wewe, mmoja anaita na wengine wanaitikia, kwa sauti na ngoma. Akaendelea hivyo hivyo mpaka uzeeni, mwaka 2004 akapewa tuzo ya muziki ya Grammy, ile ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote, na alifariki Novemba 2024 ana miaka 100. Huo "muziki wenyewe" unaousema hakuwahi kuhamia. Na cha kushangaza zaidi mwaka 1974 alitoa santuri yenye Kiswahili ndani yake, salamu zetu na kuhesabu, watoto wa Kimarekani wakawa wanaitikia lugha yetu, na huku leo kijana wa masoko anakwambia limba ni kishamba. Haya.

Na hao wanaokutajia mzee Zawose waache wakutajie, ni heshima hiyo. Ila na wewe uwe na la kuwajibu, kwamba Wazungu walimkuta mzee na limba lake la Kigogo na zeze lake na nyimbo zake za Kigogo wakaiita dunia nzima izisikilize, hakuna aliyemvalisha mdoli.

Sasa tuje kwenye pipi, na hapa nitakaa kidogo.

Jiulize wanachonunua ni nini. Sauti yako hawainunui, wangekuwa wanaitaka wangeitaka na limba lake. Uso wako nao hawautaki, wanakuvika kinyago. Wanachotaka ni kile kitu kilichowatoa wale watoto kwenye keki ukawapeleka kwenye vumbi. Mtoto wa miaka minne hajui tangazo ni nini, kichwani mwake hakuna droo hiyo. Ukimwambia limba linaumwa anakwenda kulitafutia dawa, na ukimwambia pipi fulani ndo ya watoto hodari atakuamini kwa moyo ule ule, na jioni ataanza kumlilia mama yake ambaye mkononi ana elfu tatu ya mboga na mafuta. Mimi nilikuwa napokea wale mama getini asubuhi, najua wanavyoonekana. Ndo maana nasema hiyo kazi sio ndogo unayouziwa, ni kubwa, na bei waliyokupa ni ya chini sana kwa kitu wanachokichukua.

Yuko mwimbaji wa Canada anaitwa Raffi, alizaliwa Cairo, wazazi wake Waarmenia, na huyu kwenye watoto wa Amerika Kaskazini ni jina kubwa hasa. Msimamo wake toka zamani ni kwamba hafanyi matangazo yanayolenga watoto, kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mtoto hawezi kujitetea mbele ya tangazo. Utasema yeye anazo. Sawa, ila alipoanza hakuwa nazo, alikuwa kijana na gitaa lake anaimbia watu wazima kwenye migahawa na mambo hayaendi. Na unajua nani alimpeleka kwa watoto? Mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa na chekechea Toronto akamwomba mkwe aje awaimbie wanafunzi, naye akaenda bila hata kujua wanaimbiwa nini. Mwaka 1976 akarekodi santuri yake ya kwanza ya watoto kwenye studio iliyokuwa chini ya nyumba ya watu, mambo ya kuungaunga, na ndo iliyomtoa. Kwahiyo mama wakwe wasikutishe, inategemea umemweka wapi.

Lakini mkeo usimjibu kwa habari za Canada. Mkeo ana mtoto mchanga na mwenye nyumba mlangoni, anachokisikia yeye ni milioni nne na laki mbili ndani ya miezi sita, na hana kosa. Mjibu kwa daftari. Kaeni wawili usiku mmoja muandike kila shoo ya mwaka uliopita, tarehe, hela iliyoingia, nauli iliyotoka, kijana wa ngoma alichochukua. Nina hakika hujawahi kuandika. Halafu muulizane hiyo miezi sita ikiisha itakuwaje, maana muda wote huo ukiwa ndani ya manyoya zile bethdei zitakuwa zimehamia kwa mtu mwingine na wazazi hawatajua hata kama ulikuwa wewe mle ndani. Na hata kwa daftari mkiona kodi imewabana kabisa kabisa, mimi sitakuhukumu ukikubali, nishawahi kuuza kitenge cha mama yangu mie. Ila jaribu kwanza hili, waambie hao wa kampuni utapiga shule hizo hizo na limba lako na nyimbo zako, wao walipie, waweke bango lao getini kama wadhamini, jina la pipi lisiwe mdomoni mwako. Wakikubali umepata. Wakikataa utakuwa umejua walichokuwa wanakitaka.

Na kuna hela umeikalia huioni. Wewe unasubiri bethdei, na bethdei ni za Jumamosi na mwezi wa kufunga shule. Siku za wiki umelala. Chekechea ngapi ziko kati ya Mbagala na Temeke? Nenda na limba, sio na kadi, umwombe mwalimu mkuu dakika kumi za bure na watoto wake, halafu umwambie unataka kuja kila wiki nusu saa, siku moja, muhula mzima, elfu thelathini kila ukija. Shule tatu za namna hiyo ni laki tatu na sitini kwa mwezi wa wiki nne, bila spika, bila kijana wa ngoma, na saa tano asubuhi ushamaliza. Walimu wanaipenda hii kuliko shoo kubwa, nakwambia kama mwalimu, kwa sababu mtoto wimbo wa mara moja anaukumbuka siku hiyo tu, wimbo wa kila wiki anaota nao, na mtoto asiyeongea darasani utamkuta wiki ya nne anaitikia. Kuna mmoja nilikuwa naye, muhula mzima hakunitolea neno, akaja mzee mmoja wa mtaani na zeze lake la kibuyu, yule mtoto sauti ya kwanza niliyoisikia kutoka kwake alikuwa anaiga zeze. Iii iii iii. Nilitoka nje nikalia kwanza ndo nikarudi.

Wikiendi ambazo hujapata bethdei nenda Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo ukaongee nao, familia zinakwenda pale na watoto kuona nyumba za makabila na ngoma huwa zinapigwa, na nyumba ya Kigogo ipo, tembe, ukikaa mbele yake na limba utakuwa nyumbani. Na Chamwino kwenu kuna lile tamasha la muziki wa Cigogo, hivi umeshawahi kwenda kupiga au unasikia tu redioni? Nenda, hata ukirudi na nyimbo mpya tano za watoto wa kule umelipwa.

Kuhusu shoo zenyewe nina mawili matatu ya kiufundi, unisamehe nikijifanya najua. Watoto wa chini ya miaka mitano saa nzima ni adhabu kwao na kwako, dakika ishirini na tano zinatosha, wakubwa wakikutaka zaidi walipie zaidi. Piga kabla ya keki. Baada ya keki na yale majumba ya upepo ya kurukia hata malaika akishuka hawatamtazama. Sema mapema kwenye simu kwamba didjei azime wakati wako na watoto wakae kivulini mkekani, wazazi wanaokaa mbali na simu zao waambie waje wakae nyuma ya watoto wao, maana kazi yako ni ya familia, mtoto akiona baba yake anaitikia Kigogo bila kukijua hiyo picha haitoki. Ukimaliza kuongea kwenye simu tuma meseji, "Nimethibitisha tarehe fulani, saa fulani, kiasi fulani, nusu inatangulia, nauli ni juu yenu." Nusu isipoingia, hiyo tarehe iko wazi kwa mwingine. Jisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, kama bado, na zile nyimbo ulizotunga mwenyewe zipeleke COSOTA, wale wa hakimiliki. Za babu ni za Wagogo wote, ila uzitaje kila ukiziimba kwamba hizi ni za Chamwino, babu alinipa. Wazazi wanapenda hilo na ni kweli.

Singeli sina ugomvi nayo, mjukuu wangu ananitesa nayo asubuhi na jioni. Rafiki yako akitaka limba kwenye biti mwambie sawa, kila siku ya studio ni kiasi fulani, lete hela nilete limba. Jumanne jioni hivi. Ukifika Jumatano asubuhi uko na watoto wako.

Mama mkwe sasa. Usikae naye kikao kumweleza sanaa ni ajira, mtachoshana bure. Mwambie hivi, "Mama, usiku nimekusikia unambembeleza mtoto, ule wimbo sina, naomba unifundishe." Atakataa mara ya kwanza, ataona aibu kwamba ulikuwa unamsikiliza. Muombe tena. Wanyaturu nao zeze wanalijua, tafuta sauti yake huku yeye anaimba, na ukikosea muache akurekebishe, akurekebishe sana. Halafu Jumamosi moja yenye shoo ya karibu umchukue, mkatie nauli, mtafutie kiti sio mkeka, na ukifika mahali pa wimbo wake umtaje mbele ya watoto kwamba huu nimefundishwa na bibi aliyekaa pale. Sikuahidi kwamba Jumatatu hatakuuliza mbona huendi kazini. Anaweza akauliza. Ila ukiwa unakaza nyuzi za zeze atajua unazikaza kwa ajili ya nini, na shemeji yako siku akitania tena wewe usicheke, mtajie bei.

Na ile laki na nusu ya shule usiisamehe. Usimpigie mwalimu mkuu, atakwambia tena wazazi wamekuona. Nenda mwenyewe Jumatatu kabla ya saa nne kwa mhasibu na cheti chao mkononi, kwenye cheti si wameandika jina lako na tarehe? Basi wao wenyewe wamekuandikia risiti, mwambie umeleta ankara.